Wakwe wanasema sikoseli imetoka kwetu, na mume amegoma kupima

Shikamoo dada,

Naishi Sengerema na mume wangu na watoto wetu wawili. Yeye hufuata dagaa visiwani na kuja kuuza, mimi nina genge hapa nyumbani. Binti yetu wa kwanza ana miaka sita, hajawahi kulazwa hata siku moja. Mdogo wake wa kiume ametimiza miaka mitatu, na yeye ndiye aliyenifanya nikuandikie.

Alipokuwa na miezi minane alivimba viganja na nyayo. Ukimgusa analia mpaka sauti inakauka. Mama mkwe akasema mtoto ametupiwa kitu, akachanjwa chale, uvimbe ukaisha, halafu baada ya muda ukarudi. Zikafuata homa, macho ya njano, tumbo kujaa upande wa kushoto na damu kupungua. Ameshaongezewa damu mara mbili. Hospitali ya kwanza walikuwa wanatibu malaria kila tukienda. Ya pili ndiyo waliompima vizuri wakasema ni sikoseli, kwenye karatasi wameandika SS. Nesi akaniambia wazazi wote wawili wakiwa na vinasaba hivyo, kati ya watoto wanne mmoja ndiye anayeupata.

Dada, ugonjwa ulipopata jina ndipo na ndoa yangu ilipoanza kuyumba. Kiliitishwa kikao, mama mkwe akasema mbele ya watu, "Kwetu hakuna ugonjwa wa namna hii tangu babu na babu. Umekuja na mwanamke." Baba mdogo wa mume wangu akamshauri atafute mke kwenye ukoo safi. Mwingine akasema, tena nikiwa nimekaa palepale, kwamba kwanza ichunguzwe kama mtoto ni wa kwao. Haki ya Mungu, tangu nimeolewa sijamjua mwanaume mwingine.

Nilimwomba mume wangu twende akapime. Akasema, "Mimi nabeba magunia tangu alfajiri, sijawahi kuugua, nipime nini?" Anasema aliwahi kumchangia damu rafiki yake akaambiwa ni kundi O, kwa hiyo damu yake ni safi.

Kuna jambo moja sikulisema kwenye kikao. Wifi yangu aliwahi kuniambia kwamba mama mkwe alizika watoto wawili, mmoja akiwa na mwaka na nusu, mwingine miaka minne. Walisema mmoja ni bandama, mwingine degedege. Moyo unaniambia ni ugonjwa huuhuu, ila naogopa kufungua mdomo.

Sasa nina ujauzito wa miezi minne. Naomba unisaidie. Ugonjwa huu umetoka kwangu kweli? Kwa kuwa mmoja ameshaugua, je, watatu wanaofuata watakuwa salama kama alivyosema nesi? Na baba mkwe alifariki kwa presha, shangazi zake mume wangu wana kisukari. Je, wanangu watarithi na hayo pia? Mume wangu ananisomea sana magazeti na mitandao, anaweza akayasoma majibu yako.

Mama wa Wawili, Sengerema

*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Pole kwa mtoto, pole zaidi kwa kukalishwa kwenye kikao ukiwa na mimba na kuhojiwa uaminifu wako kama mtuhumiwa.

Sikoseli ya mwanao, ambayo kwa Kiswahili cha vitabu ni selimundu, imetoka kwa mama na kwa baba, sawa kwa sawa. Mtoto hawezi kuwa SS kwa kurithi upande mmoja peke yake. Aliyesema imekuja na mwanamke amesema nusu ya ukweli, na nusu aliyoiacha iko kwa mwanawe mwenyewe.

Ngoja nikueleze vizuri ili na wewe uweze kumweleza mwenzako. Vinasaba vyetu huenda viwili viwili, kimoja kutoka kwa mama na kimoja kutoka kwa baba. Chukua doti ya khanga, vipande viwili. Hapa tunazungumzia kinasaba kimoja tu, kile kinachotoa maelekezo ya kutengeneza hemoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Kipande kizima tukiite A, chenye kasoro tukiite S. Doti yako ina A na S. Ya mumeo ina A na S. Kila mimba inapotungwa, wewe unatoa kipande kimoja na yeye anatoa kimoja, na hakuna kati yenu anayeulizwa atoe kipi. Binti yenu amepata A mbili, au A moja na S moja. Mdogo wake amepata S kutoka kwako na S kutoka kwa baba yake.

Kasoro yenyewe ni ndogo mno. Katika maelekezo marefu ya kinasaba hicho, kilichopo kwenye kromosomu ya 11, ni herufi moja tu iliyobadilika. Herufi hiyo hufanya hemoglobini igandamane kila oksijeni inapopungua, na chembe ya damu iliyotakiwa kuwa ya mviringo na laini inakakamaa na kupinda kama mundu. Chembe zilizopinda hukwama kwenye mishipa midogo, ndiyo maana viganja na nyayo za mwanao zilivimba. Tena hazidumu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, hizi hufa baada ya siku 10 hadi 20, na mwili hauwahi kuzalisha nyingine. Hapo ndipo macho yanapokuwa ya njano na damu inapopungua mpaka aongezewe. Jini hana nafasi hapo, na chale zile zilimwongezea mtoto maumivu bure. Uvimbe wa vidole kwa mtoto wa umri ule huisha wenyewe baada ya siku kadhaa, kwa hiyo mganga alipewa sifa isiyo yake.

Shemeji yangu, kama unasoma, hapa nazungumza na wewe. Kuwa na nguvu za kubeba magunia hakusemi lolote kuhusu jambo hili. Mtu mwenye AS, anayebeba S moja, kwa kawaida huishi maisha yake yote bila kujua. Anavua, analima, anacheza mpira, anazeeka. A yake moja inatosha kumpa damu inayofanya kazi. Na kundi O uliloambiwa siku ile ni habari nyingine kabisa. Makundi A, B, AB na O yanaangaliwa ili mtu asiongezewe damu isiyomfaa. Unaweza kuwa kundi O ukawa AS, ukawa AA, hata ukawa SS. Mchanganyiko huu wa herufi umewaponza wengi kwa sababu A inatokea kote kuwili ikiwa na maana tofauti. Nimekaa wodi ya watoto muda mrefu, nimewaona akina baba wakitoa kadi ya kundi la damu kwa kujiamini kabisa kwamba wameshapima sikoseli.

Kuhusu ukoo safi, baba mdogo angejua historia ya damu ya watu wa Ziwa asingesema vile. Mwaka 1949 kijana mmoja aitwaye Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kusomea Oxford, alizunguka akikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Akakuta jambo lililomshangaza: pwani na kuzunguka Ziwa Victoria watu wengi walikuwa wanabeba S, sehemu nyingine zaidi ya mtu mmoja kati ya watano, lakini nyanda za juu zenye baridi, walikuwa wachache sana. Akajiuliza pwani na ziwani kuna nini ambacho milimani hakipo. Kuna mbu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba S moja humkinga mtu dhidi ya malaria. Utafiti uliofanywa baadaye Kilifi ulionyesha kwamba mtoto mwenye AS ana kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali, ile inayoua.

Maana yake ni kwamba mababu zenu, wako na wa mumeo, walikaa kando ya ziwa hili kizazi baada ya kizazi, malaria ikizoa watoto, na waliobeba S moja wakabaki hai kuwazaa ninyi. Mimi siwezi kukiita kinasaba cha namna hiyo uchafu wa ukoo. Kinadai gharama kubwa pale wawili wanaokibeba wanapokutana, na gharama hiyo imeangukia mwanao, lakini kimetunza uhai wa watu wengi kuliko wazee wa kikao wanavyofikiri. Na wala si cha Waafrika peke yao. Kipo Oman, kipo India, kipo Ugiriki, kila mahali malaria ilipokaa muda mrefu.

Kwa Tanzania nzima inakadiriwa kwamba watu kati ya asilimia 13 na 20 wanabeba S. Mumeo akienda kuoa huko anakoambiwa kuna ukoo safi, anaweza akakutana na mwanamke mwenye AS kama wewe, mzuri, mzima, asiye na historia yoyote, akarudi kulekule. Huwezi kuiona AS kwa macho, wala kwa kuuliza majirani wa bibi harusi. Inaonekana maabara tu. Akishaachana na wewe ataondoka na S yake mwilini.

Sasa lile neno zito la kwamba mtoto achunguzwe kama ni wa kwao. Mumeo akipima akakutwa AS, jambo litakuwa limejieleza, kwa sababu mtoto wenu alihitaji S ya pili na itakuwa imeonekana ilipotoka. Kipimo hicho hakikukusudiwa kuthibitisha ubaba, lakini kitafunga midomo iliyosema kwao hakuna. Ila nakutahadharisha: msipime kile kipimo cha zamani cha kuangalia kama chembe zinapinda, maana hakitofautishi AS na SS. Ombeni kipimo cha kuchambua aina za hemoglobini, mpime wewe na yeye siku moja, na mtoto arudiwe ikiwa imepita angalau miezi mitatu tangu aongezewe damu, kwa sababu damu ya mchangiaji huvuruga majibu. Na kama karatasi ya mumeo ikija inasema AA, mtu yeyote asianze kurusha maneno. Yapo magonjwa mengine ya hemoglobini yanayoitwa thalasemia ambayo kipimo cha haraka hakiyaonyeshi. Mzazi mmoja akitoa S na mwingine akatoa kasoro ya thalasemia, mtoto anaumwa vilevile na karatasi yake inaweza kusomeka kama SS. Majibu ya aina hiyo yapelekwe kwa daktari wa damu.

Tumeshayaona haya kwa watoto wenye ualbino, nao hurithiwa kwa njia hiihii: wazazi wawili weusi, kila mmoja kabeba kinasaba kimoja kimya, mtoto anazaliwa mweupe, baba anakana. Kanda yenu ya Ziwa inajua kuliko sehemu nyingine zote za nchi hii jinsi ujinga huo ulivyoishia kwenye mapanga.

Kuhusu makaburi mawili ya mama mkwe, moyo wako huenda unakwambia kweli. Mumeo alipata S yake kwa mama yake au kwa marehemu baba yake. Kama watoto wale walikufa kwa ugonjwa huuhuu, basi wote wawili walikuwa wanabeba. Bandama kujaa ghafla, homa, degedege, damu kuisha: hivyo ndivyo watoto wenye sikoseli walivyokuwa wanakufa, na bado wanakufa, bila ugonjwa kutajwa. Zamani hizo kijijini nani angepima? Waliandikiwa malaria au upungufu wa damu wakazikwa. Barani Afrika, pasipo matibabu, zaidi ya nusu ya watoto wa sikoseli hawafikishi miaka mitano. Kwa hiyo usemi wa "kwetu hakuna" mara nyingi una maana kwamba waliokuwa nao hawakuishi hata wakajulikana.

Lakini usimrushie mama huyo makaburi yake kwenye kikao. Nakusihi sana. Utashinda mabishano siku moja na kumjeruhi mwanamke aliyezika watoto wawili akiamini wamelogwa, na jeraha hilo hatalisamehe. Nadhani ukali wake kwako una woga ndani yake. Amemwona mjukuu anaumwa kama wale walivyoumwa, na akili yake imekimbilia mahali pengine pa kuweka lawama. Mwombe akusindikize kliniki ya sikoseli. Sema tu kwamba una mimba na mtoto ni mzito kumbeba, jambo ambalo ni kweli. Aketi benchi moja na bibi wa koo nyingine, kila mmoja na mjukuu wake mwenye macho ya njano. Amsikie daktari akieleza, maana neno la daktari halina mgomvi wala mkwe. Pengine yeye mwenyewe ndiye atakayesema, "Na wangu walivimba mikono hivi." Akisema, mshike mkono, na mwambie hata yeye hakukosea lolote.

Tuje kwenye hesabu ya nesi. Alikuambia sahihi, ila ulivyoielewa sivyo, na wengi huielewa kama wewe. Mmoja kati ya wanne si foleni kwamba mmoja akishaugua watatu wanaofuata wamesalimika. Kila mimba inaanza upya, na doti yako haipungui kwa kipande ulichokwisha kutoa. Kwa mtoto huyu wa tumboni, uwezekano wa kuwa SS ni asilimia 25, uwezekano wa kuwa AS ni 50, na wa kuwa AA ni 25. Ungekuwa umezaa wagonjwa watatu mfululizo, wa nne angekuwa na asilimia 25 zilezile. Nazijua familia zilizopata SS wawili wakifuatana zikadhani zimelaaniwa, na zipo zenye watoto sita wazima ambao wazazi wao wote ni AS wala hawajui.

Robo tatu ya uwezekano iko upande wako. Beba mimba yako kwa moyo huo, lakini panga kama mtu ajuaye robo iliyobaki. Mwambie mkunga wa kliniki leo kwamba una mtoto SS, aandike kwenye kadi yako. Ukijifungua, mtoto apimwe mapema, ikiwezekana kabla hamjatoka hospitali. Damu ya kuchomwa kisiginoni inatosha. Usingoje umwone anaumwa, kwa sababu mtoto mchanga huzaliwa na hemoglobini ya tumboni inayomkinga miezi ya mwanzo, na dalili huanza kujitokeza karibu na miezi sita. Ukijua mapema, dawa za kinga zinaanza mapema, na hatapita njia ya mateso aliyopita kaka yake. Baada ya hapo, wewe na mumeo mkae mzungumze kama mnataka mwingine. Hiyo iwe shauri lenu wawili, mkiwa na karatasi za majibu mkononi, na kikao cha ukoo kisikaribishwe.

Binti yenu, kwa vile si mgonjwa, ana uwezekano wa theluthi mbili wa kuwa AS. Hakuna haraka, ila apimwe na majibu yatunzwe pamoja na cheti chake cha kuzaliwa, ili siku akitaka kuolewa ajue la kumuuliza mwenzake. Mimi siungi mkono watu kuzuiwa kuoana kwa sababu ya herufi. Naunga mkono wajue kabla, waingie macho wazi.

Presha na kisukari vya upande wa baba havifuati njia hii. Sikoseli ni kinasaba kimoja: ukikosa, umekosa. Presha na kisukari cha ukubwani vina vinasaba vingi mno, kila kimoja kikichangia kidogo, halafu chumvi, uzito, pombe, kukaa bila kufanya kazi vinamalizia. Mtu mwenye mzazi au ndugu wa damu mwenye kisukari yuko hatarini zaidi kuliko asiye naye, lakini wengi hawaupati. Mumeo apime presha kila mwaka, maana baba yake aliondoka nayo, na apunguze chumvi mezani. Inatosha.

Atasikia pia kwamba kuna tiba ya kuponya. Ni kweli, kuna kupandikizwa uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imeshaanza kuwafanyia watoto wa Kitanzania. Tiba hiyo inahitaji ndugu ambaye tishu zake zinalingana na za mgonjwa, na kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana uwezekano wa robo wa kulingana. Binti yenu, hata akiwa AS, anaweza kuwa mtoaji. Ulizeni kliniki. Ile nyingine mpya ya kurekebisha vinasaba, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, kwa Marekani bei yake ni zaidi ya dola milioni mbili kwa mgonjwa mmoja. Msiuze mtumbwi kwa ajili yake.

Nimeliacha mwisho kwa makusudi jambo ambalo hukuniuliza. Barua yako nzima umeeleza nani kasema nini, lakini hukutaja dawa hata moja anayotumia mtoto. Kama hayuko kwenye kliniki ya sikoseli, mfikishe wiki hii, kabla ya kikao kingine chochote. Bugando pale Mwanza wana huduma hiyo. Anatakiwa kunywa penisilini kila siku, asubuhi na jioni, mpaka atimize miaka mitano, kwa sababu bandama yake haimkingi na vijidudu vinavyoua haraka. Anatakiwa foliki asidi, chanjo zote za kliniki ikiwemo ya nimonia, na neti kila usiku. Ile kinga ya malaria niliyoieleza ni ya mwenye AS. Mwenye SS malaria inammaliza upesi, na wapo wanaochanganya mambo haya mawili wakamlaza mtoto bila neti.

Kisha uliza haidroksiyurea. Watakutisha kwamba ni dawa ya saratani. Ilianzia huko, lakini kwa sikoseli hutolewa kwa dozi yake, na kazi yake ni kuufanya mwili utengeneze tena ile hemoglobini ya tumboni isiyogandamana. Utafiti uliotolewa mwishoni mwa 2018, uliohusisha watoto wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, watoto wa mazingira kama yetu kabisa, ulionyesha maumivu yakipungua, kuongezewa damu kukipungua, malaria ikipungua na vifo vikipungua. Mtoto atakuwa anapimwa damu mara kwa mara ili dozi irekebishwe. Akiwa kliniki ulizia pia kipimo cha mishipa ya kichwa, kinachoonyesha mapema watoto walio hatarini kupata kiharusi.

Mwombe nesi akufundishe kuigusa bandama kwa vidole, chini ya mbavu za kushoto, kwa sababu ulisema tumbo lilijaa upande huo. Iguse kila anapokuwa na homa au amelegea. Ukiikuta imekua ghafla na mtoto amepauka midomo, hiyo ni dharura, damu yake inakusanyika humo. Homa ikizidi nyuzi 38 usimpe dawa ya kushusha ukangoja kuche, nenda hospitali usiku huohuo, na mlangoni waambie kabla ya kitu kingine chochote: mtoto huyu ni sikoseli, SS. Maji ya kunywa awe nayo kila saa. Siku za mvua na upepo wa ziwani mvalishe sweta na soksi, na baba yake akirudi kutoka visiwani, ambebe yeye.